Uzito Uko Mgongoni

Wengi wakitaka kumchora mkulima wa Rutamba, huku Lindi, akipalilia ufuta huanza na uso. Wakimaliza macho na mdomo, mwili huufuatisha chini yake, na jembe huongezwa mwisho. Anatokea mtu aliyesimama apigwe picha, na kazi yenyewe haimo.

Jean-François Millet, mtoto wa wakulima wa Normandy aliyehamia kijiji cha Barbizon mwaka 1849, alikwenda kinyume. Alichora sana kwa chaki nyeusi kabla ya kushika rangi. Tazama picha yake ya mwaka 1857 ya waokota masazo ya mavuno. Wanawake wawili wameinama, mikono i chini kabisa. Wa tatu amejikunja nusu. Nyuso zimefichwa na vivuli na vitambaa vya kichwani, hivyo jicho la mtazamaji halina pa kwenda ila migongoni. Hapo ndipo uzito ulipo. Kisha akaupandisha upeo wa macho juu, mpaka migongo ya wale wawili ikabaki chini yake, na ardhi ikawazunguka pande zote. Marundo ya ngano na msimamizi aliyepanda farasi wako mbali kule, wadogo, wakimulikwa na jua. Shibe iko mbali na mikono inayookota, na umbali huo ameuchora kwa ukubwa wa vitu.

Huku kwetu, mwaka 1906, Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig alianzia safari yake Lindi, akawapa wapagazi karatasi na penseli. Mnyapara wao, Pesa Mbili, aliuchora msafara ukiwa njiani, na mchoro wake ukaingia katika kitabu cha Weule cha mwaka 1908. Mbinu za Millet na Pesa Mbili ni tofauti kabisa. Ila wote wawili walichora kazi waliyoijua kwa miili yao, na kwangu hilo lina thamani kuliko ustadi wa kuchora pua.

Kwa palizi ya Rutamba, kipande cha mkaa wa jikoni kinatosha. Vuta kwanza mstari mmoja kutoka kiunoni, upite mgongoni na begani hadi kwenye mpini. Kandamiza mkaa pale kwenye goti la mbele, maana ndilo linalobeba mwili jembe linaposhuka. Pandisha upeo. Uso uje mwisho, na kama kanga imeufunika, uache.