Wamama wacheze, wababa wapokee

Mbele vita ifunge njia, nilipeleka wanafunzi wangu kutazama kikundi cha ngoma kilichokuwa kikipokea wageni karibu na parke, huku kwetu Kivu ya Kusini. Mchezo ulikuwa mzuri, sitasema uongo. Wamama waliimba, wakapiga makofi mpaka vumbi likapanda. Lakini walipomaliza, mwanaume mmoja alisimama kueleza wageni maana ya nyimbo, na yeye njo alipokea bahasha. Mama aliyeanzisha wimbo hatukumsikia tena. Nikauliza sababu. Wakanijibu: «Mwalimu, njo desturi yetu.»

Desturi gani? Kwetu Bushi, Mwamikazi, mama wa mwami, anashika utawala wakati mtoto angali mdogo. Basi mwanamke anayesema mbele ya wazee atashindwa kueleza wimbo mbele ya mzungu?

Wengine wanasema pori ni la wanaume. Batwa watacheka. Mbele Parke ya Kahuzi-Biega ianzishwe mwaka 1970, bibi zao walikuwa wakiingia humo kutafuta viazi vya pori, uyoga, dawa na kuni. Wakafukuzwa. Nyuma yake baadhi ya wanaume walipata kazi ya pisteri, kufuata nyayo za gorila. Wamama walipata kucheza kwenye mlango.

Mimi naona kizuizi kiko kwenye shule na karatasi. Gidi anaombwa Kifaransa na Kiingereza, na minerval ikikosa, msichana njo anatolewa wa kwanza darasani. Tena, mpaka mwaka 2016, Kodi ya Familia ya 1987 ilimtaka mke aombe ruhusa ya bwana wake mbele ya kufunga mapatano. Sheria imebadilishwa; ndani ya nyumba nyingi bado.

Mwanafunzi wangu mmoja, hodari kwa Kiingereza, alitaka kuwa gidi. Baba yake mkubwa akakataa: nani ataoa msichana anayelala kambini na watu wa bunduki? Hilo nililijibu. Lakini aliponitajia Rachel Masika Baraka, mlinzi wa Virunga aliyeuawa mwezi wa tano 2018 akisindikiza watalii, nilinyamaza. Woga ule si desturi, na sina haki ya kuucheka.

Ila kueleza wimbo hakuombi bunduki. Kikundi kikianza tena, nitakaa mbele, nimwulize yule mama mwenyewe kwa Mashi, na yule msichana atafsirie wageni.