Heko Walezi wa Muziki Korogocho

Jaa la taka la Dandora limepakana na mtaa wa Korogocho, Nairobi. Upepo ukigeuka, moshi wake huwafikia watoto wakiwa kwenye mazoezi ya muziki. Korogocho ndiko Elizabeth Njoroge alikoanzisha mradi wa muziki wa Ghetto Classics mwaka 2008, katika viwanja vya kanisa la Mtakatifu Yohana. Hongera kwake, na kwa parokia iliyowafungulia watoto mlango. Lakini heko yangu kubwa ni kwa vijana waliojifunzia fidla na tarumbeta papo hapo, kisha wakabaki kuwafundisha wadogo zao. Kijana kama huyo anapoinama kusogeza kidole cha mtoto juu ya uzi, hahitaji kusimuliwa maisha ya mtoto yule. Vichochoro anavijua, amekulia humo.