Je, Kosa Likizoeleka Huwa Sahihi?

Husemwa mara kwa mara kwamba lugha ni ya wasemaji, na kwamba kosa likizoeleka huwa si kosa tena. Kauli hii ina ukweli, lakini si ukweli wote.

Tuanze na upande wa ukweli. Kiswahili sanifu chenyewe, kilichosimamishwa juu ya Kiunguja kilipochaguliwa mwaka 1928 na Kamati ya Lugha kuundwa mwaka 1930, hakikufunga mlango wa mabadiliko. Wako wasemao "rafiki zangu", lakini "marafiki" limeenea na kamusi zimelipokea. Halimpotoshi msomaji, tena limefuata njia ya "mabwana" na "mashangazi". Hata "masaa", ambalo walimu hulikosoa kwa haki kwa kuwa wingi wa "saa" ni "saa", ni kosa la umbo tu. Mwalimu na alisahihishe daftarini. Hakuna atakayedhulumiwa kwalo.

Sivyo ilivyo kwa neno "aidha". Neno hili lenye asili ya Kiarabu lina maana ya "pia" au "zaidi ya hayo". Kwa kuwa linafanana kimatamshi na neno la Kiingereza lenye maana ya "ama", wengi sasa hulitumia kwa maana hiyo ngeni. Tuchukue mfano wa waraka usemao: "Atakayekiuka agizo hili atatozwa faini, aidha, atasimamishwa kazi." Anayeijua maana ya asili ataona adhabu mbili, aliyezoea maana mpya ataona mojawapo kati ya mbili. Waraka ni mmoja, lakini hukumu ni mbili, na atakayeumia ni mtumishi ambaye hakuuandika.

Hapa wingi wa watumiaji hautoshi kuwa hoja. Hata kama kamusi zingeandika maana zote mbili, utata usingeondoka. Ungepewa kibali tu. Wala hatuna upungufu wa kutulazimisha, maana "ama" na "au" tunavyo.

Basi tunapendekeza kipimo hiki. Umbo jipya likifuata mwenendo wa lugha na lisipoficha maana, tulipokee bila kinyongo. Likivuruga maana iliyokuwa wazi, tulikatae hata likisemwa na kila mtu. Mfasiri na mwandishi wa nyaraka wakiona shaka, na waandike "ama" wanapokusudia kuchagua, na "pia" wanapokusudia kuongeza.