Nemo na chumvi: mashini inapima joto, inasahau ya maana

Ile filme ya Andrew Stanton, Le Monde de Nemo (Pixar, 2003), wengi tuliiangalia tukiwa batoto, na leo wadogo zetu wanaiangalia. Nimeirudilia na macho ya mutu wa agronomia. Samaki kusema siyo shida, waseme tu. Shida yangu ni maji.

Turudi ndani ya akwariamu ya muganga wa meno, kule Sydney. Wafungwa wote ni wa baharini, na adui wa maji yao ni mumoja tu: uchafu. Gill anamutuma Nemo azibe filtre na kajiwe, mwani unaota, kioo kinageuka kijani. Kisha muganga analeta mashini mupya, AquaScum 2003, na asubuhi maji yanang'aa. Mashini hiyo inachunguza maji kila dakika 5: inatangaza joto, inatangaza pH. Chumvi je? Kimya. Na ni mashini ya akwariamu ya maji ya chumvi!

Kwa mutu aliyesoma udongo, hapo filme imeacha adui mukubwa apite. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa litre moja. Akwariamu ya litre 100 ina basi kilo 3 na nusu. Taa inawaka, maji ni ya vuguvugu, na tuseme litre 5 zinapanda hewani kwa juma moja. Maji yanaenda, chumvi inabaki. Ndiyo siri ya wanaovuna chumvi kule Katwe, Uganda, na ndiyo inayoua shamba lililomwagiliwa vibaya. Sasa mwenye akwariamu anaona maji yameshuka, anaongeza mengine ya chumvi, juu anajiambia hawa si ni samaki wa bahari? Afanye hivyo majuma 4, amefika gramu 42 kwa litre, kupita Bahari ya Shamu. Na maji yangali meupe pee! Kumbe ilitakiwa aongeze maji yasiyo na chumvi kabisa, tena yaliyochujwa vizuri, maana ya robine yanaleta madini yake.

Nani angeumia wa kwanza? Mimi nasema Peach, ile nyota ya bahari inayojibandika kwa kioo na kuchungulia kazi ya muganga. Nyota ya bahari haina namna ya kushindana na chumvi: maji yakibadilika, mwili wake unabadilika nayo. Nemo angevumilia kidogo. Samaki wa baharini anapoteza maji ya mwili wake muda wote, donc anakunywa yale ya chumvi na kuitoa chumvi kupitia matamvua. Ni kazi, inakula nguvu, na hakuna anayeiona kutoka nje ya kioo.

Ndiyo lawama yangu kwa filme. Inafundisha jicho kuamini usafi. Mutoto anatoka pale akijua kwamba maji ya kijani ni hatari na maji yanayong'aa ni uzima. Kwa akwariamu ya chumvi, jicho halitoshi. Hata Nemo akipita kwenye beseni ya muganga, anashuka na mabomba mpaka baharini, na mambo yameisha! Dakika chache katika maji yasiyo na chumvi, sawa, angeweza. Safari nzima ya mabomba ya muji, hapana.

Na kupima siyo uchawi. Refraktometre tuliishika wakati wa masomo, tukipima sukari ya miwa. Ya chumvi ni ndugu yake, ila vipimo vyake ni vingine, msichanganye. Kondiktimetre vilevile: maji ya udongo yakifika 4 mS/cm tunasema shamba limeanza kuwa la chumvi, na bahari iko kama 53.

Sikatai uzuri wake. Nemo na baba yake kukaa ndani ya anemone ni kweli tupu, na mwisho unachekesha: wafungwa wanaelea kwenye bandari, kila mumoja ndani ya mufuko wake wa plastiki, wanajiuliza watatokaje. Mimi nilikuwa najiuliza kitu kingine: yale maji ndani ya mufuko yana gramu ngapi, na muganga alikuwa akijaza na nini?