Kunguru wanatajwa, mjane hatajwi: ushuhuda, pesa na mbuzi wa mama yangu

Mtoto aliyekulia Tarime au Serengeti kwenye familia ya kanisani amesikia shuhuda nyingi kuliko hadithi za sungura na fisi. Mimi ni mmoja wao. Kabla sijajua kuna kitu kinaitwa riwaya, nilishajua kisa kinavyojengwa: mtumishi hana hata senti, anapiga magoti, mlango unabishwa hodi, Mungu ametenda, watu wote tunaitikia amina. Kuna mwanzo, kuna mkwamo, kuna ufumbuzi. Kiukweli ndiyo fasihi ya kwanza niliyoipenda. Kwa hiyo leo nataka kuihakiki kama tunavyohakiki riwaya au tamthiliya, bila kuionea na bila kuiogopa.

Nianze kwa kusema sizungumzii nini. Sizungumzii mhubiri wa mafanikio, yule wa kupanda mbegu uvune gari. Huyo wahakiki tumeshamzoea, na Ngũgĩ wa Thiong'o alimmaliza zamani kwenye Shetani Msalabani, pale wezi wa kisasa wanaposimama mmoja baada ya mwingine kujigamba jinsi walivyotajirika. Ukisoma vizuri utaona Ngũgĩ aliazima umbo la ushuhuda wa kanisani akalipindua: watu wanashuhudia wizi wao. Tunacheka, tunafunga kitabu, tunajiona salama.

Mimi nazungumzia mtumishi yule mwingine. Ana baiskeli, viatu vimeliwa kisigino upande mmoja, Biblia imefungwa kwenye mfuko wa nailoni isilowe mvua. Anasema anamtegemea Mungu na siyo pesa, na anasema kweli. Ushuhuda wa mtu huyu ndio mgumu kuuhakiki, maana tunampenda.

Mtumishi wa namna hiyo aliwahi kukaa kwetu wiki tatu akifanya mikutano. Ilikuwa miezi ya mwisho kabla sijaanza kidato cha kwanza. Siku moja akaletewa habari kwamba mtoto wake anaumwa sana huko Mugumu, na yeye hana nauli wala hela ya dawa. Alikwenda nyuma ya nyumba kuomba. Mama naye alikwenda, ila yeye alikwenda mnadani na mbuzi jike mwenye mimba, ambaye alikuwa ametengwa kwa ajili ya godoro langu, tranka na ada ya muhula. Jioni alirudi, akafungua pindo la kanga, akampa yule mtumishi noti zote.

Mtoto alipona. Baada ya hapo nimesikia ushuhuda wa siku ile mara tatu, katika makanisa tofauti. Mara ya kwanza kulikuwa na "mama mmoja mwenyeji wangu" aliyeguswa moyo. Mara ya pili mama alishakuwa "mtu mmoja". Mara ya tatu hakuna mtu tena: alipiga magoti, akainuka, nauli ikapatikana kabla jua halijazama. Kanisa lililipuka kwa makofi. Mimi nilikuwa benchi la nyuma, nikiwa nimeripoti shule kwa kuchelewa na kulala godoro moja na mwenzangu muhula mzima. Sikupiga makofi.

Nataka niwe mwangalifu hapa. Yule mtu hakuwa tapeli, na hakula hata shilingi ya mtu. Kilichomvuta ni umbo la kisa chenyewe. Ushuhuda wa aina hii una sarufi yake: nauli ilipatikana, mlango ulifunguka, mahitaji yalikuja. Vitenzi vimekaa bila mtendaji, ili nafasi ya mtendaji ibaki ya Mungu peke yake. Kila binadamu anayebaki kwenye kisa anaonekana kama anampunguzia Mungu utukufu, kwa hiyo msimulizi anampunguza yeye, kidogo kidogo, kila anaposimulia. Hatimaye tunabaki na muujiza safi na watu hakuna.

Sasa linganisha na kisa ambacho shuhuda hizi zote zinadai ni babu yao, yaani Eliya katika 1 Wafalme 17. Nusu ya kwanza tunaikumbuka: njaa, kijito cha Kerithi, kunguru wanaoleta mkate na nyama asubuhi na jioni. Kunguru hawasemi kitu, hawana watoto wa kulisha, hawana gharama. Lakini kijito kinakauka, na mwandishi anampeleka Eliya Sarepta kwa mjane. Hapo simulizi linabadilika kabisa. Tunaambiwa yule mama anaokota kuni. Tunaambiwa kiasi cha unga uliobaki na kwamba mafuta ni kidogo. Tunaambiwa ana mtoto, na kwamba baada ya mlo ule anategemea kufa. Anapewa nafasi ya kubisha, na baadaye mtoto wake anapofariki anamgeukia nabii na kumlaumu usoni.

Mwandishi yule alikuwa na kila sababu ya kumfuta. Muujiza wa unga usiokwisha ungebaki muujiza hata bila yeye. Lakini hakumfuta, na mimi naamini ndiyo maana kisa kimedumu. Tunajua imani iligharimu nini, maana tumeona chombo cha unga kabla hakijajazwa. Shuhuda zetu nyingi zimechukua kunguru zikamwacha mjane.

Mtu anaweza kusema huo ndio mtindo wa watu wa imani tangu zamani. Siyo kweli, na ushahidi uko kwa mtu anayetajwa zaidi kuliko wote katika habari hii, George Müller wa Bristol. Mjerumani huyu alifungua nyumba ya yatima mwaka 1836 akaweka sharti kwamba hatamwomba binadamu pesa, ataomba kwa Mungu tu. Mfano wake na wa Hudson Taylor, aliyeanzisha China Inland Mission mwaka 1865, ndio uliozaa misheni zilizoitwa za imani, ikiwemo Africa Inland Mission iliyofika Nassa, kusini mwa Ziwa Victoria, mwaka 1909. Kwa hiyo hewa ya Müller tumeivuta hata huku kwetu.

Lakini fungua masimulizi aliyoyaandika Müller mwenyewe. Utashangaa: ni kama daftari la duka. Pauni, shilingi, peni. Sahani, vijiko, vitambaa. Kuna mshonaji mmoja maskini, anaishi kwa shilingi chache kwa wiki, aliyerithi fedha akatoa pauni 100. Müller hakukimbilia kuzipokea. Alikwenda kuzungumza naye kwanza ajue kama amefikiri vizuri. Jina la yule mama analificha, ila mama mwenyewe yupo: sindano yake ipo, umaskini wake upo, mazungumzo yao yapo. Mtu anaweza kumkosoa Müller kwamba kuchapisha taarifa za mahitaji yaliyopita nako ni kuomba kwa mlango wa nyuma, na mimi nadhani hoja hiyo ina uzito. Lakini huwezi kumkosoa kwa kuficha mkono uliotoa.

Na hata huku Mara ushuhuda haukuanza ukiwa laini hivi. Wamisionari wa Kimennonite kutoka Pennsylvania walifika Shirati mwaka 1934. Eneo hilo lilikuja kuwa sehemu ya wilaya ya Tarime, hadi Rorya ilipomegwa mwaka 2007. Mwaka 1942 kanisa lile la Shirati likaingiwa na uamsho, ule ule uliokuwa ukisambaa Afrika Mashariki kutoka Rwanda. Ushuhuda wa walokole ulikuwa na vitu ndani yake. Mtu alisimama akataja alichoiba, alikiiba kwa nani, kisha akakirudisha. Kama ni sukari, ilikuwa sukari. Kama ni jembe, lilikuwa jembe. Aliyeibiwa alikuwa mhusika kamili katika kisa, maana bila yeye kurudishiwa, kisa hakikwisha. Kwangu hiyo ni fasihi bora kuliko ya sasa, kwa sababu ilikubali kuwa toba ina bei na bei ina mwenyewe.

Ni nani basi aliyefuta watu? Hapa siyo wainjilisti wa baiskeli tu. Historia nzima ya kanisa imeandikwa hivyo. Mwita Akiri, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Dayosisi ya Tarime ya Kanisa Anglikana, aliandika tasnifu yake ya udaktari Edinburgh mwaka 1999 kuhusu Ugogo na Ukaguru, akionyesha kazi ya wenyeji waliobeba Ukristo kati ya 1876 na 1933. Ukiisoma kama mhakiki wa masimulizi, ni kazi ya kurudisha wahusika waliokatwa. Vivyo hivyo simulizi ya maisha ya Zedekia Kisare, aliyekuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Mennonite Tanzania mwaka 1967. Alimsimulia mmisionari Joseph Shenk, kikachapwa kwa Kiingereza mwaka 1984. Kalamu ilishikwa na mwingine, ni kweli, lakini jina la kitabu linamwita Mmennonite wa Kiseru. Mtu ana kwao. Neema ilimkuta mahali, kwa watu.

Najua pingamizi linalokuja, maana nimeambiwa kanisani mara nyingi: Yesu mwenyewe alifundisha kutoa kwa siri, hata mkono wa kushoto usijue. Sasa kwa nini nadai watoaji watajwe?

Jibu langu ni la msomaji. Angalia amri ile inaelekezwa kwa nani. Inaelekezwa kwa anayetoa. Haimwambii anayepokea asahau. Ukitaka kujua mpokeaji anatakiwa kuandika vipi, soma mwisho wa waraka wa Paulo kwa Wafilipi. Yuko kifungoni, anasema amejifunza kuishi na kingi na kuishi na kidogo, hategemei mali. Lakini papo hapo anakiri amepokea, anataja waliotuma, anamtaja Epafrodito aliyeleta. Hata neno la Kigiriki alilotumia kusema amepokea lilikuwa likiandikwa kwenye risiti za siku zile. Yaani Paulo alitoa risiti kabla ya TRA! Katika ukurasa mmoja kuna imani na kuna risiti, na hakuna kinachomfukuza mwenzake. Siri ni haki ya mtoaji. Mpokeaji hana haki hiyo.

Jambo hili siyo la ladha ya fasihi tu, hasa kwetu. Katika wilaya hizi mbili pesa haiko mbali na mwili wa mtu. Kuna mgodi wa dhahabu wa North Mara ulioanza uzalishaji mwaka 2002, kuna mpaka wa Sirari, na kabla ya vyote kuna ng'ombe. Binti aliyekeketwa huhesabiwa mahari kubwa zaidi, na wazee wengine wameweka tumaini lao kwenye hesabu hiyo. Mwaka 2014 Dayosisi ya Mara ya Kanisa Anglikana ilifungua nyumba salama Mugumu kwa ajili ya wasichana wanaokimbia kukatwa, kazi iliyoongozwa na Rhobi Samwelly. Filamu ya Giselle Portenier ya mwaka 2018, In the Name of Your Daughter, imetupeleka humo. Naiheshimu kwa sababu haifichi ng'ombe. Imani ya wale wanaookoa inapambana na bei inayojulikana.

Fikiria nyumba kama hiyo Desemba, msimu wa likizo na ukeketaji, wasichana wamejaa. Wanakula ugali kila siku. Kuna anayenunua unga, kuna anayesonga, kuna anayeamka usiku mlango ukigongwa. Ukiniletea ushuhuda kwamba "mahitaji yao yalikuja", utakuwa umemsifu Mungu kwa kumfuta mpishi. Na mwakani kanisa likikaa kupanga bajeti halitamkumbuka mpishi, maana kwenye kisa hakuwemo. Masimulizi yanatufundisha nani wa kumhesabu. Baba anayehesabu ng'ombe amefundishwa na simulizi moja, na hatutamshinda kwa simulizi nyingine ambayo nayo haimwoni mwanamke.

Nilipokuwa naandika makala hii nilimpigia mama simu. Sijawahi kumuuliza habari ya yule mbuzi, na miaka imepita mingi. Nikamuuliza kama iliwahi kumuuma kutotajwa.

"Mura, mimi nilimpa Mungu," akasema. "Sikumpa yule ili anitangaze. Jina langu la nini?"

Nikadhani hoja yangu yote imeanguka. Nikanyamaza. Nikasikia anahema, kisha anacheka kidogo.

"Lakini mbuzi angemtaja," akasema. "Yule mbuzi alikuwa mzuri sana."