Mgeni Apewe Jembe

Noh, tamthilia ya Kijapani iliyoshika umbo lake karne ya 14 na 15 mikononi mwa Kan'ami na mwanawe Zeami, haina haraka. Mwigizaji mwenye kinyago hutembea kana kwamba sakafu ni yai. Kyogen ni kichekesho kinachochezwa kati ya noh moja na nyingine. Nimezitazama zote mbili kwenye video za maonyesho ya ughaibuni, nikiandaa tasnifu kuhusu ngoma za kwetu, Handeni na Korogwe.

Kyogen haihitaji mkalimani. Katika Boshibari, watumishi wawili wanafungwa mikono wasiguse pombe ya bwana wao, na bado wanainywa mpaka wanalewa. Korogwe wangecheka kama Kyoto. Noh ndiyo ngumu. Kwa ajili ya wageni ratiba hupunguzwa: badala ya siku nzima ya michezo mitano kama ilivyokuwa desturi zamani, huchezwa mmoja au miwili, pengine na tafsiri pembeni. Lakini hatua haiharakishwi. Mgeni asiyeizoea avumilie.

Sisi tunafanya kinyume. Selo ya Wazigua au mdumange wa Wasambaa, ikichezwa harusini, huanza taratibu, na anayesimama kando huvutwa ndani. Akija mgeni rasmi, awe mtalii au kiongozi wa kuzindua kisima, ngoma hupewa dakika kumi. Wapigaji wanaanzia kwenye kilele kwa sababu gari linasubiri. Mgeni anapiga picha, anatunza noti, anaondoka akiamini ameiona.

Mtaniambia noh ina kumbi zake, na UNESCO iliitambua tangu 2001, ilhali wachezaji wetu hulipwa soda. Ni kweli, na soda ni aibu. Ila umaskini hauelezi yote: ngoma ya harusini haina mfadhili, na bado hukesha.

Hasara kubwa si ya mgeni. Vijana wengi niliozungumza nao Handeni walijifunza selo shuleni, kwa ajili ya mapokezi. Wanaijua vizuri, zile dakika kumi. Kifupi cha mgeni kimekuwa ndicho kizima cha mwenyeji.

Wahenga walimpa mgeni siku mbili, ya tatu wakampa jembe. Noh humkabidhi siku ya kwanza. Nasi tuanze na dogo: ngoma ziwambwe motoni mbele ya mgeni rasmi, naye akae angoje ngozi ikauke.