"Mchungaji": Jina na Kazi Yake

Neno "mchungaji" hutamkwa kila Jumapili katika sharika zetu, toka Mbeya hata Iringa, na ni mara chache tunapoona haja ya kulifafanua. Katika uhakiki huu twapenda kuonyesha kwamba maana yake ya mfano imekua hata kuifunika maana ya asili, na kwamba mahubiri yetu yamepata hasara kwa hiyo.

Kuchunga ni kupeleka wanyama malishoni, kuwalinda na kuwarudisha salama. Unga nao huchungwa kwa chungio ili makapi yatengwe. Tena mtu huambiwa ajichunge, yaani ajihadhari. Kwa hiyo kitenzi hiki kina ndani yake mwendo, ulinzi na upambanuzi.

Biblia ya Kiswahili ya Union, iliyotoka mwaka 1952, hutumia neno hilo moja kwa watu wa makondeni katika Luka 2, kwa Bwana mwenyewe katika Yohana 10, na kwa watumishi wa kanisa katika Waefeso 4. Imefuata Kiyunani, ambacho nacho kina neno moja, *poimen*. Kihispania hufanya vivyo hivyo: *pastor* ni mtu wa malishoni na pia ni mtumishi wa kanisa. Kiingereza kimezoea kutenganisha, neno moja likibaki na kondoo, jingine likiingia madhabahuni. Basi msomaji wa Kiswahili amepewa urithi ambao msomaji wa Kiingereza hana.

Lakini je, anausikia? Siku hizi mwenye mifugo huitwa mfugaji, nasi husikia habari za migogoro ya wakulima na wafugaji. Afuataye ng'ombe huitwa mchunga ng'ombe. "Mchungaji" limekuwa cheo, likiandikwa "Mch." mbele ya jina. Hata hivyo mfugaji na mchungaji si lazima wawe mtu mmoja. Wa kwanza ni mwenye mali. Wa pili ndiye atembeaye juani. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Rungwe katika miaka ya 1930, alieleza kwamba kwa Wanyakyusa kazi ya kuchunga ng'ombe ilikuwa ya wavulana wadogo. Kwa asili, basi, jina hili halikuwa la mkubwa.

Pengine mtu atapinga akisema kwamba lugha hukua, na kwamba "askofu" na "shemasi" nayo yamesahau asili yake. Twajibu kwamba hayo ni maneno ya kupokea. Asili yake imo katika lugha za mbali. "Kuchunga" ni kitenzi chetu, nacho kingali hai. Tukikisahau, ni kwa uzembe wa masikio.

Tena uzembe huo una gharama. Katika miaka ya 2006 na 2007 Serikali iliwaondoa wafugaji na ng'ombe wao katika bonde la Usangu, mkoani Mbeya, na wengi wakaelekezwa mkoa wa Lindi. Sababu zilizotolewa zilihusu maji: mto Ruaha Mkuu ulikuwa ukikauka wakati wa kiangazi, na bwawa la Mtera lilihitaji maji kwa umeme. Hatuamui hapa nani alikuwa na haki. Twauliza tu: mhubiri aliyesimama siku zile kufafanua Zaburi 23, yenye malisho na maji, aliwaona wenye fimbo waliokuwa njiani, au aliona kola yake peke yake?

Vivyo hivyo katika Yohana 10. Ni rahisi kumlaumu mchungaji wa kuajiriwa. Lakini vijana wengi wachungao ng'ombe wa wengine hulipwa, na mhubiri naye hulipwa na kanisa lake. Andiko halilaumu ujira. Lalaumu kukimbia mbwa mwitu ajapo. Asiyeijua kazi ya malishoni hulikosa jambo hilo, akageuza neno la kumhukumu yeye mwenyewe kuwa sifa ya cheo chake.

Luther alisisitiza maana iliyo wazi ya Maandiko kabla ya mafumbo. Basi mwanafunzi anayeandaa mahubiri juu ya andiko hili na amwulize kwanza mchunga ng'ombe: hulala saa ngapi, hujuaje kwamba mmoja amepotea, hufanya nini mto ukikauka. Akiisha kujibiwa, ndipo avae joho.